Karani wa Chai na Taarifa ya Saa Moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mtu anayekijua kitu vizuri hawezi kudanganywa na kitu hicho. Nilikuwa darasa la saba wakati huo, na mtu niliyemdhania hivyo alikuwa karani wa kituo chetu cha kununulia majani chai, kwenye kilima kilicho juu ya Kiptere. Hakuna mtu kilimani aliyeijua televisheni kama yeye. Na ni yeye aliyemwambia baba yangu asipande lori, kwa sababu televisheni ilikuwa imesema hali ni shwari.

Baba hakupanda. Nyumba yetu ikachomwa, na mimi sikurudi shule. Sasa nina miaka ishirini na kitu, na muda huu wote nimetaka kujua jambo moja tu kutoka kwa mtu huyo: aliamini alichokisema, ama alijua si kweli? Naandika nikiwa na hasira. Nilijaribu kungoja ipoe ndipo niandike kwa utaratibu, lakini haikupoa.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kuna wakati maswali hayo yaliulizwa sana barabarani kwetu, na sitaki kuwa mtu mwingine wa kuyauliza. Tulimwita Karani. Hata mkewe alimwita Karani.

Ukitaka kumjua, anza na mkono wake wa kulia. Ulikuwa mrefu, umekauka, umeingia weusi wa utomvu wa chai kwenye kila mstari. Mchunaji akifika mezani na kikapu, Karani hakutazama majani ya juu hata kidogo. Juu kila mtu hupanga vizuri, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Chini ndiko watu huficha majani makubwa magumu, ama hunyunyiza maji ili mizani ishuke. Basi Karani aliuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kutazama barabara, uso umetulia, kama daktari wa ng'ombe anayepima mimba.

"Mama, hii umechuna wewe ama ni mbuzi?"

"Karani, si nilinyeshewa."

"Mvua ilinyesha chini ya kikapu peke yake? Mwaga kwa gunia. Chagua moja moja."

Watu walicheka, lakini kila mmoja akicheka alikuwa akiingiza mkono kwenye kikapu chake mwenyewe kuangalia. Siku moja mkewe alileta kikapu. Karani akazamisha mkono, akasimama, akautoa polepole. 

"Hii ni ya nani?" akauliza, na alijua.

"Ni ya yule anakupikia."

"Basi leo nitalala njaa. Mwaga."

Akamwaga. Na Karani alilala njaa kweli. Mkewe alihakikisha, na kesho yake alisimulia kituo kizima jinsi alivyomfunikia sufuria tupu mezani. Karani alisikiliza hadithi hiyo huku akipima chai, bila kucheka wala kukasirika. Nilimpenda sana kwa jambo hilo. Nililelewa katika nyumba ambayo kila kitu kilikuwa "karibu sawa", na huyu hapa alikuwa mtu ambaye karibu sawa kwake ilikuwa takataka. Mimi ni mtu wa kuandika sentensi moja hadi usiku uingie kisha niichane. Ugonjwa huo niliuambukizwa naye, na ni mojawapo ya vitu ambavyo sijamsamehe.

Televisheni yake ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye vifundo viwili mbele. Baba alikuwa fundi seremala. Tulikuwa tumetoka upande wa Kisii mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, Baba akanunua kipande cha shamba chini ya shamba la Karani, na kazi yake kubwa ya kwanza kilimani ikawa kutengeneza kabati ya televisheni hiyo. Kabati ilikuwa ya mbao za saipras, na milango miwili, na kufuli. Karani alisimama kando yake tangu ubao wa kwanza hadi vanishi, akipitisha kidole kwenye kila kiungo. Mlango mmoja ulirudishwa na kurudishwa mpaka Baba akamwambia, "Karani, hapa ndani utaweka televisheni ama utaweka Sanduku la Agano?"

"Tengeneza tu, Fundi. Utajua ukimaliza."

Umeme haukuwa umefika. Televisheni ilitumia betri ya lori, na kilimani tulikuwa na desturi yetu: kila nyumba iliyokuja kutazama ilikuwa na zamu ya kuisukuma betri hiyo kwa wilbaro hadi Kiptere ikachajiwe. Kushuka ni rahisi. Kupanda, asidi ikimwagika inakula suruali, na betri haitaki kulazwa upande. Zamu yetu ilirudi upesi kuliko za wengine. Baba alisema ni kwa sababu tunakaa karibu.

"Karibu na nini?" Mama akauliza.

Mama alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja, kisha kuendelea kumenya viazi.

Antena ilifungwa kwenye mti mrefu wa mblugamu uliochimbiwa nyuma ya jikoni. Upepo ukivuma, picha iligeuka ile tuliyoiita mchele, na lazima mtu atoke nje akazungushe mti huku wa ndani wakipiga kelele.

"Bado! Bado! Hapo! Wewe, umepita!"

"Nirudi?"

"Rudi kidogo! Kidogo, si mpaka Bomet!"

Ndani kulikuwa na sheria. Unanawa miguu kwenye karai mlangoni, kwa sababu matope ya chai hayatoki kwenye simiti. Watoto chini, wanawake kwenye benchi, wanaume kwenye viti vya Baba. Taarifa ya habari ya saa moja ikianza, hakuna kukohoa. Na Karani mwenyewe alivaa koti. Sisemi koti la baridi, nasema koti lake jeusi la kanisani. Alilivaa dakika chache kabla ya taarifa, akafunga vifungo, ndipo akakaa.

Kiprono, kijana mchunaji aliyekuwa na mdomo usiolala, alimuuliza siku moja, "Karani, huyo msomaji wa habari anakuona?"

"Hanioni. Lakini mimi namwona amevaa tai. Nitakaaje mbele yake na fulana, kama mtu amekuja kuomba chumvi?"

Taarifa ikiisha, alizima. Hata kama mieleka ilikuwa inafuata na watoto wamekwisha kusogea mbele. "Betri si ya mieleka," alisema, akafunga milango ya kabati, akaweka kitambaa cha kufuma juu, akaweka ufunguo mfukoni mwa koti. Mtu aliyekuwa na burudani pekee katika kilima kizima aliitumia kama ibada. Zamani nilifikiri huko ni kuwa na msimamo. Siku hizi nafikiri alikuwa mchoyo wa furaha za watu, na nafikiri pia kwamba pengine nakosea, na sipendi kukosea.

Sasa nieleze alivyoijua, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Lori la chai lilichelewa kila siku. Watu walikaa juu ya magunia wakingoja, na Karani, akishamaliza kupima, aliulizwa maswali. Alikuwa na kitabu cha mafundi alichokipata Kericho mjini pamoja na televisheni, na alikuwa amekisoma mpaka jalada likatoka. Kiprono ndiye aliyeanzisha.

"Karani, wewe kila siku televisheni, televisheni. Televisheni ni nini hasa?"

"Inategemea unauliza gani. Watu wanasema televisheni na wanamaanisha vitu vitatu." Akainua kidole. "Ya kwanza ni ile iko kwangu kwa kabati. Chombo. Ikianguka, inavunjika. Ya pili haivunjiki. Ni ile kazi ya kuchukua picha hapa, kuikatakata, kuirusha hewani, na kuiunganisha kule mbali. Hiyo ndiyo jina lenyewe linasema, kuona mbali. Wazungu waliokota nusu ya neno kwa Wagiriki na nusu kwa Warumi."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni watu. Ukisikia mtu anasema 'televisheni imesema', mwulize, imesema na mdomo gani? Chombo hakina mdomo. Hewa haina mdomo. Kuna mtu ameketi mahali, amekula, ameshiba, na mtu mwingine amemwambia, leo soma hii, ile acha."

Watu waliguna. Kiprono akasema, "Kwa hivyo ukizima, huyo wa tatu bado yuko?"

"Huyo hazimwi, kijana."

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, na niliyahifadhi maneno hayo kama mstari wa Biblia. Nilimfuata nyumbani nikamuomba kile kitabu, akanipa. Kilikuwa cha Kiingereza, na nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Ndicho kitabu cha kwanza nilichojifunza bila mwalimu, na karibu kila nilichojifunza baadaye nimejifunza kwa njia hiyohiyo, peke yangu, nikiogopa nimeelewa vibaya. Nilipofika mahali panapoeleza kioo, nilimwendea.

"Karani, hapa wanasema hakuna picha. Wanasema kuna nukta moja tu."

"Kweli. Nukta moja ya mwanga inakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, inashuka mstari, inakimbia tena. Inakimbia mbio mpaka jicho lako linachoka kuifuata, linasema, haya, nimeona uso wa mtu. Uso umetengeneza wewe."

"Na mchele?"

"Mchele ni wakati hakuna mtu anatuma kitu, lakini nukta haijui, inaendelea kukimbia."

Shuleni walitufundisha tuseme runinga. Nilimwambia. "Runinga ni ya mtihani," akasema. "Andika runinga, upite, halafu uje hapa nyumbani utazame televisheni."

Mtu huyo ndiye ninayemzungumzia. Sitaki wewe unayenisoma ufikiri alikuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe zamani.

Na hakuwa mbaya pia, jambo ambalo linanikasirisha zaidi. Dada yangu mdogo alipozaliwa, mkewe alileta kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na Karani mwenyewe alikuja asubuhi kumshika mtoto, mkono ule mweusi chini ya kichwa kidogo. Jirani mmoja aliposogeza mpaka wetu kwa kupanda nyasi ya nepia upande wetu, Karani alitembea na Baba hadi kwa chifu, akasema alikuwepo siku jiwe lilipowekwa. Nepia iling'olewa. Baba alimwamini kuliko ndugu zake wa tumbo. Ila siku moja, kwenye mkutano wa wakulima, Karani alisimama kutusifu akasema, "Hawa wageni wetu ni watu wa kazi." Watu walipiga makofi. Mama hakupiga. Njiani alimwuliza Baba, "Mtu anakuwa mgeni miaka mingapi?" Akaendelea kutembea.

Kisha ikaja ile miezi. Kila mtu wa huku anaijua, na sitaieleza kama mtu wa siasa. Nitasema tulichoona. Watu walianza kupita barabarani kutoka upande wa Londiani na magodoro kichwani, wengine wanachunga ng'ombe mmoja, wengine hawana kitu. Darasani madawati ya nyuma yakabaki matupu. Kituoni watu ambao walikuwa wakicheka pamoja wakaanza kukaa makundi mawili juu ya magunia, wenyeji huku na wageni kule. Kiprono akaacha kunitania, na mtu kama Kiprono akiacha kukutania, unajua. Halafu siku moja mchana nikaona moshi upande wa chini, kwenye bonde, mahali palipo na nyumba na pasipo na shamba la kuchoma.

Mjomba wangu alikuja siku hiyo na lori kutoka Keroka, kule kwetu Kisii. Alikuwa anazunguka akikusanya watu wetu. Tayari kulikuwa na familia kadhaa nyuma, na nafasi yetu ilikuwa imeachwa, pamoja na nafasi ya vifaa vya Baba: randa, misumeno, patasi, jiko la gundi. Mama alikuwa amekwisha kufunga vyombo kwenye shuka.

Baba akasema, "Ngoja kidogo. Tusikie taarifa kwanza."

"Taarifa ya nini?" Mjomba akafoka. "Moshi si huo?"

"Nitakuja. Ngoja."

Tukapanda kwa Karani, Baba, Mama na mimi. Lori lilibaki barabarani, injini inanguruma. Hakuna aliyetuambia tunawe miguu. Karani alikuwa amevaa koti. Picha ilikuwa safi siku hiyo, hata upepo haukuwepo. Msomaji alisema habari nyingi za mbali, mgeni wa heshima aliyefika, barabara iliyofunguliwa. Kisha akasema kuna uvumi unaoenezwa na watu wasioitakia nchi mema, na kwamba wananchi wa sehemu zetu wanaendelea na shughuli zao kama kawaida. Hakukuwa na picha ya sehemu zetu. Kulikuwa na uso wake tu, na tai.

Karani akazima. "Umesikia, Fundi."

"Nimesikia. Lakini Karani, leo nimeona moshi na macho yangu."

"Watu wanatayarisha mashamba."

"Wanatayarisha mpaka paa?" Mama akasema kutoka mlangoni.

"Mama, wewe unaona mpaka kwa ile kona ya barabara. Hii inaona Kenya yote. Kungekuwa na kitu, wangeonyesha."

Baba akamsogelea. "Niambie kama ndugu yangu. Ungekuwa mimi, ungeenda?"

"Ningekaa," Karani akasema. "Utaacha shamba na nyumba kwa sababu ya uvumi? Na nani atakugusa na mimi niko hapa?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Maneno yalinijaa mdomoni: wewe si ndiye ulisema kuna mtu wa tatu? Wewe si ndiye ulisema tuulize imesema na mdomo gani? Mtu ambaye hakumwamini mke wake juu ya kikapu cha chai, aliyeingiza mkono hadi kwenye kiwiko mbele ya kila mtu, siku hiyo alitazama ya juu tu. Sikusema. Mtoto hasemi mbele ya wazee, na mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu. Hiyo adabu naichukia hadi leo.

Tukashuka. Baba akamwambia Mjomba aende. Mjomba aliruka kutoka kwenye lori, akamshika Baba shati kifuani, akamwachilia, akapanda tena. Mama alifungua shuka, akarudisha vyombo rafuni kimoja kimoja. Hakuuliza swali lolote, na ndiyo mara ya kwanza nilimwogopa.

Wachomaji walikuja siku chache baadaye, mchana kweupe. Kabla ya wao kufika, Karani alifika. Alishuka mbio katikati ya chai, fulana tu, miguu mitupu, akipiga kelele tutoke. Alimbeba dada yangu, akatusukuma mbele yake hadi nyumbani kwake, akatuingiza sebuleni, akafunga mapazia. Tulikaa chini, migongo yetu kwenye kabati. Yeye akasimama mlangoni. Tulisikia kila kitu.

"Boiyot, tunajua wako ndani," sauti moja ikasema. Boiyot ni mzee. Walikuwa bado wanamwita kwa heshima.

"Hapa ndani kuna bibi yangu na televisheni. Mnataka gani?"

"Usitufanye watoto."

"Nyinyi ni watoto. Wewe, nilipima chai ya mama yako ukiwa mgongoni. Kama unajua wako ndani, ingia. Lakini utanikanyaga kwanza."

Hawakuingia. Walishuka. Kupitia mahali mapazia yalipoachana niliona paa letu likianza kutoa moshi, kwanza mwembamba, kisha mabati yakajikunja. Karakana ya Baba ilifuata. Mbao kavu na vanishi hazichelewi. Baba alitazama kidogo, kisha akageuza uso akautazama mlango wa kabati, ule aliorudishiwa, hadi tulipoambiwa tutoke.

Jioni lori la chai lilikuja. Karani alitulaza kati ya magunia, akatufunika kwa magunia mengine, akazungumza na dereva, na tukafika Kericho kwenye uwanja wa kanisa tukinuka majani mabichi. Hakupanda nasi. Alisimama na taa yake ya kupimia, akaifunga hesabu ya siku kama kawaida.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Aliyahatarisha maisha yake kwa ajili yetu, na ni yeye aliyetuweka mahali ambapo mtu alihitaji kuyahatarisha. Ukiwaambia watu habari hii, wanashika nusu ya pili. Kanisani, Keroka, kwa Mjomba mwenyewe ambaye alijua: "Huyo mzee aliwaokoa! Mngekuwa wapi?" Tungekuwa kwenye lori, nilitaka kusema. Tungekuwa na randa na misumeno. Ningekuwa nimefanya mtihani wa darasa la nane. Baba hakutengeneza tena hata kiti. Alisema mikono imesahau. Aliuza ndizi kando ya barabara, na kila Krismasi alimwombea Karani kwa jina mbele ya chakula. Nilikuwa nikiinuka na kutoka nje. Waliniona sina shukrani. Huenda ni kweli. Nimejichunguza sana juu ya hilo, nikilala, nikiamka, na sijapata shukrani ambayo haina moshi ndani yake.

Mwaka jana nilikwenda kumwona.

Amestaafu, lakini nilimpata kituoni, amekaa kwenye benchi la wachunaji. Mizani mpya, karani mpya, kijana msafi mwenye kalamu mbili. Mzee amekunjamana, ila alinijua kabla sijasema kitu.

"Chamgei," akanisalimu. "Wewe ni wa Fundi."

"Chamgei, Mzee."

"Umekuwa mrefu. Baba yako?"

"Yuko."

"Anachonga?"

"Hapana."

Akainuka, akaniongoza nyumbani. Pale palipokuwa petu pana nyasi ya nepia. Sikuuliza ni ya nani. Umeme umefika kilimani, na televisheni ilikuwa nyingine, ya rangi, imewekwa juu ya meza wazi, inaongea peke yake, mjukuu amelala mbele yake. Stesheni sasa si moja. Mkewe alitupa chai ya maziwa, akatoka. Nafikiri alijua kilichonileta.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa wiki nzima. Yote yalipotea. Nikasema, "Ile jioni ulimwambia Baba akae. Uliamini?"

Hakujifanya hakuelewa. Namshukuru kwa hilo.

"Baba yako amesema nini?"

"Baba anakuombea. Nakuuliza wewe."

Aliweka kikombe chini. "Ile asubuhi nilikuwa nimeenda kwa barabara ya chini. Niliona vijana. Nilijua wengine. Mmoja alikuwa wa dada yangu." Alisugua kiganja kwenye goti. "Kwa hivyo, hapana. Nilikuwa najua."

Nilifikiri nikilisikia jibu, lolote, nitatulia. Sikutulia. "Halafu ukamwambia akae."

"Nilivaa koti nikakaa nikasema, watasema. Leo lazima waseme. Wakisema, nitamwambia Fundi aende, hata nitambebea vyombo. Hawakusema." Alinitazama sasa. "Kijana, hao si watu wa mbali. Ni wa dada yangu. Kama nyinyi mngepanda lile lori, ingekuwa ni mimi nimesema ni kweli. Nilitaka huyo mtu wa tai awe anajua kitu mimi sijui."

"Lakini wewe ndiye ulitufundisha yeye ni nani!"

"Mimi."

"Basi ulimfanyia Baba nini?"

"Nilimkalisha," akasema. "Nilimkalisha ili nisiwe na aibu. Halafu nikaona moshi nikakimbia." Akachukua kikombe, akakiweka tena chini. "Sijawahi kwenda kumwambia. Nilifikiri anajua."

"Hajui."

"Utamwambia?"

Hakusema pole. Nilingoja. Pengine aliona ni neno dogo mno, pengine ni kiburi. Mtu yule hakutoa kitu ambacho hakijatimia kipimo. Nilisimama nikiwa na hasira ileile niliyokuja nayo, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa. Chai yangu sikuimaliza. Mlangoni akaniambia, kwa sauti ya zamani ya mezani kwa mizani, "Mwambie yote. Usipunguze kwa sababu yangu."

Nilimwambia Baba jioni ileile niliporudi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini alisimama mlangoni," akaenda kulala. Krismasi iliyofuata alimwombea tena.

Kilichobadilika ni hiki. Siku hizi mtu akisema Karani alituokoa, sitoki nje. Nakaa, namwacha amalize, nasema ndiyo, alituokoa, kisha nasema na habari ya lori la Mjomba. Nasema zote mbili, kila mara, hata Baba akiwepo.